Babu Fundi, nimelipa arubuni ya mlango uliong'olewa kibao

Assalaamu alaykum, Babu Fundi. Shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, mama wa watoto watatu. Tunajenga Fuoni, mimi na mume wangu, ila nikisema tunajenga ujue nasimamia mimi. Mwenzangu yuko Maskati kikazi. Yeye hutuma pesa, kisha hupiga simu kuuliza kwa nini zimekwisha. Nyumba ina vyumba vitatu, ukumbi na jiko. Kuta zimefika juu ya madirisha, na lenta, ile boriti ya zege ya juu ya milango na madirisha, bado haijamwagwa.

Mwezi uliopita jirani yangu alinipeleka pahala wanapouza vitu vya nyumba zilizobomolewa. Sikuwahi kufika. Ni uwanja mkubwa uliozungushiwa mabati, masinki yamefudikizwa chini kama kasa, grili zimeegemezwa ukutani, vyoo vya kukaa vimo kwenye majani, na pana banda zima la milango mitupu. Babu, niliingia kutafuta dirisha la jiko, nikatoka na homa ya mlango.

Ni mlango wa kizamani wa mbao mbili, una mfaa wa kuchonga katikati, miimo yake yote miwili, na kizingiti cha juu chenye maandishi ya Kiarabu yaliyomalizika kwa tarakimu 1312. Juu una rangi ya kijani, chini yake buluu, chini yake tena ndio mbao. Vijana wawili waliusogeza kwa tabu ili niuone vizuri. Kwenye mwimo wa kulia pana mraba mdogo usio rangi, ukubwa wa bahasha, na matundu manne ya misumari kwenye pembe zake. Bila shaka palikuwa na kibao cha namba ya nyumba. Alama ile ikanizidisha mapenzi, nikasema huu kweli umekaa na watu.

Muuzaji ni kijana mpole, kila mwanamke yeye humwita "mama angu". Alianza laki tisa, tukavutana mpaka laki saba. Nikampa arubuni laki mbili. Aliniandikia karatasi yenye jina langu, kiasi nilichotoa na maneno "mlango 1", basi. Nilipomuuliza umetoka wapi akanijibu, "Mjini, mama angu, kuna watu wanavunja." Akasema nimalize ndani ya wiki mbili, na nikighairi arubuni hairudi. Alipoupima, tepu yake ilikuwa imekatika mwanzoni; akaniambia nisijali, tutapunguza wenyewe.

Sasa nyumbani hakukaliki. Mama mkwe wangu, ambaye atahamia kwetu nyumba ikimalizika, amesema mlango wa watu haendi kulala nyuma yake, ati milango ya zamani haiji peke yake. Kaka yangu anasema vitu vya Mji Mkongwe vina mambo ya serikali. Mume wangu kaniambia neno moja tu kwenye simu: "Ushaliwa." Na fundi wangu ndiye pekee anayefurahi, kwa sababu ameona pale pale pana nondo zilizonyoshwa kwa nusu ya bei, zinazotosha lenta yote, na bati za kutosha kuezekea. Anataka tuchukue vyote safari moja.

Babu, niumalizie mlango au nisamehe laki mbili zangu? Na hizo nondo na bati?

Mama wa Fuoni

*

Waalaykum salaam, mwanangu. Marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka kwa yale masinki. Ya pili nilisimama kwenye ule mraba wa bahasha, sikuendelea mpaka kahawa ikapoa. Wewe umeniandikia kama pambo, nami naona barua nzima imo mle.

Kibao cha namba hakidondoki chenyewe kikaacha matundu manne safi. Kimeng'olewa. Huenda ikawa kwa jambo dogo, mwenye nyumba kakichukua kwa ukumbusho, hutokea. Lakini mtu anayeuza mlango wa kuchonga wenye tarehe, nyumba ulikotoka ndiyo nusu ya bei yake. Muuzaji anayeijua kazi hukusimulia kabla hujauliza: huu ulikuwa Malindi, nyumba ya fulani, ukuta wa nyuma ulianguka masika, warithi ni hawa. Wako ana mlango wa laki saba na habari yake ni neno moja, "mjini". Mjini pakubwa.

Nikwambie lililonifika mimi. Nilipokuwa kijana na randa mpya, mteja mmoja wa Kikwajuni aliniletea mlango kama huo wako. Sikuuliza kitu. Nikaupachika, nikaushindilia zege miimoni, nikapaka mafuta, ukawaka. Baada ya miezi minane wakaja watu wanne, pamoja nao sheha, mkuu wa mtaa, na mama mmoja mtu mzima kutoka Wete. Yule mama hakusema mengi. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa chini upande wa kushoto, akaweka kidole penye alama ya moto, akasema hapa kaka yangu aliangusha chetezo siku ya arusi yangu. Siku mbili zilizofuata nilikuwa napiga tindo zege langu mwenyewe kuutoa mlango ule. Ujira wa kuupachika nilikwisha kuula, na wa kuutoa hakuna aliyenipa.

Aliyeuuza mlango ule alikuwa ni mmoja wa warithi, kauza peke yake. Na ndivyo milango hii inavyotoka mara nyingi. Nyumba ya mawe ikifiwa na mwenyewe hugawika kwa watoto, kisha wajukuu, nusu wako Unguja, wengine Pemba, wengine Maskati na Uingereza. Kila mtu ana haki yake ndani ya nyumba na hakuna mwenye zamu ya kuziba paa. Mvua huingia, vichwa vya boriti vilivyomo ukutani huoza kwanza kwa kuwa ndipo maji yanapokaa, na mtu akija kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa ndio amefungia unyevu ndani. Dari inashuka. Hapo ndipo mrithi aliye karibu anaanza kutoa kimoja kimoja: leo grili, kesho mlango. Kila mwenye fungu angetakiwa kuridhia, na aliyeuziwa hajui hata idadi yao.

Hilo la mirathi ndilo jepesi, nikwambie, maana warithi unaweza kuzungumza nao. La pili ni wakfu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu, na kilichowekwa wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Mlango ni sehemu ya nyumba. Hata ukiununua kwa nia njema na risiti ndefu kama kanzu, hujanunua kitu. La tatu ndilo alilokwambia kaka yako, na hapo mpe haki yake: Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, na mwaka 2000 mji uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mtu havunji wala habadilishi nyumba ya mle bila ya kibali. Kwa hiyo "kuna watu wanavunja" ni maneno yenye karatasi nyuma yake, au yasiyo nayo.

Basi usimalize hizo laki tano, wala usisamehe laki mbili kwa sasa. Rudi kwa yule kijana, usiende na fundi wako, nenda na kaka yako. Mwambie kwa upole ule ule anaokuitia "mama angu" kwamba mlango unautaka, na pesa iliyobaki unayo, ila unataka jina la mtaa, jina la mwenye nyumba, na barua ya sheha wa shehia ile kwamba anaijua nyumba na waliouza. Mwenye mali halali atakuna kichwa, atalalamika umemchelewesha, kisha atakupeleka. Kama ameuziwa na yeye bila kuuliza, ambalo mimi ndilo ninaloliona karibu, ataanza kuzungumza bei. Akikushushia mpaka laki nne bila wewe kumwomba, mwanangu, ondoka. Ukishapata sababu ya kushuku kitu kuwa cha wizi halafu ukakinunua, hakuna atakayekuhesabu mteja wa kawaida.

Ukipata mtaa, pita kwa sheha mwenyewe usitosheke na karatasi, halafu ulizia Mamlaka kama nyumba hiyo ina kibali, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama imo katika daftari lao. Ni asubuhi mbili za likizo ya skuli. Najua utaniambia wiki mbili zinakwisha. Mlango uliokaa miaka mia na zaidi hauna haraka ya wiki mbili. Mwenye haraka ni mwengine.

Kuhusu arubuni, kijana asikutishe na "hairudi". Sisi wengi wetu huku ni Mashafii, na katika madhehebu yetu mauziano ya kuila arubuni ya mtu aliyeghairi hayasihi. Wanaoyajuzisha ni Mahanbali. Zaidi ya hilo, wewe hujaghairi, umeuliza ni mali ya nani. Asiyeweza kujibu swali hilo hana cha kukuuzia, na pesa ya mtu unayemnyima kitu hurudishwa. Mkishindwana, sheha wa pale alipo na biashara yake asikilize kwanza kabla ya kufika mbali. Ile karatasi ya "mlango 1" itunze hivyo hivyo ilivyo mbaya.

Sasa tuseme umesafika. Umepata nyumba, umepata wenyewe, kila mtu ameridhia. Hapo ndipo uutazame mlango kama mbao, kwa sababu mpaka sasa umeutazama kama mchumba.

Hiyo 1312 ni mwaka wa Hijria, unaangukia kati ya Julai 1894 na Juni 1895, siku za Sayyid Hamad bin Thuwaini. Inapendeza. Lakini mimi mwenyewe naweza kukuchongea 1312 ukitaka, na kwa chai ya rangi iliyokolea na moshi wa jiko nikauzeesha kabla ya Ijumaa. Kwa hivyo usisome mbele, geuza nyuma. Mbao iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono ina mikwaruzo isiyolingana, huku imepinda, huku imenyooka. Ya mashine ina mistari iliyopangana kama daftari la wanafunzi wako. Pitisha kiganja chini ya pete ya kuvutia: pete iliyogonga ubao miaka mingi huchimba kijishimo chake. Tazama chini, inchi nne za mwisho, ndipo maji ya mvua na ya kupigia deki yalipokuwa yakinywewa. Mlango wa kale ambao miguu yake ni mizima kuliko kifua, mimi siuamini.

Kisha chukua kisu kidogo, kwangua nyuma mahali pasipoonekana, unuse. Msaji una mafuta na harufu kama ya ngozi. Mfenesi ndani ni manjano, hata ukiwa nje umekuwa kahawia. Mvule ni wa rangi ya dhahabu iliyochafuka. Ukitoka unga mwepesi na vitundu kama vya sindano, huyo ni bungua, mdudu mla mbao; kimoja viwili vikavu havina neno, lakini ukigonga na unga ukamwagika upya, yumo bado anakula, na utampeleka Fuoni akale fremu zako nyengine.

Laza mbao zote mbili chini zikutane. Zikicheza kama meza ya mkahawa, zimejipinda, na kuzirudisha ni kazi. Pima kamba pembe kwa pembe. Ikipishana zaidi ya kidole, fremu imelala. Hapa una bahati usiyoijua: lenta yako haijamwagwa. Wazee walikuwa wakisema nyumba huanzia mlangoni, na kwako inawezekana bado. Milango hii haifuati futi tatu kwa saba za siku hizi. Mwambie fundi aache nafasi kwa kipimo cha mlango wenyewe, pamoja na kizingiti cha juu na unene wa miimo, halafu ndio apige lenta. Akishamwaga kwa mazoea, utakuja kunilalamikia kwa barua nyengine kwamba umeukata mlango wa 1312 miguu ili uingie.

Rangi usiipige msasa mkavu, wala usiichome moto. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitiwa risasi, na vumbi lake ni sumu ya akili za watoto. Wewe unao watatu. Lowesha, kwangua kwa kikwangulio, mabaki yafunge ndani ya mfuko wa taka, watoto wawe kwa bibi yao siku hiyo.

Na huyo bibi yao. Mkwe wako anasema milango haiji peke yake, na wewe umeniandikia kama unanichekea naye. Mimi sikucheka. Yeye ana lugha yake, mimi nina yangu. Mimi nasema warithi, yeye anasema wenyewe. Tangu nilipomwona yule mama wa Wete ameweka kidole chake kwenye ile alama ya moto, sijui tofauti yetu ni kubwa kiasi gani. Ukishapata majina ya wenye nyumba, mpe yeye kwanza, kabla ya mume wako. Akiambiwa mlango ni wa nani, umetoka kwa ridhaa ya nani na nani, nadhani atalala nyuma yake. Akitaka isomwe maulidi siku ya kuupachika, soma, na unialike.

Nondo: hapana. Fundi wako anajua kwa nini, basi tu anahesabu pesa zako upande wake. Nondo ikikunjwa ikanyoshwa kwa nyundo, pale ilipokunjwa imechoka, na huenda ina ufa ambao wewe na yeye hamuuoni. Kwa nguzo za ua, sawa. Kwa lenta itakayobeba ukuta juu ya vichwa vya wanao, nunua mpya, hata kama ni kwa kuchelewesha mwezi. Na hizo za pale nyingi huenda zimetoka majumba ya pwani. Kutu nyembamba inayopanguka kwa mkono haina neno, lakini ikitoka magamba, ujue nondo yenyewe imeshaondoka nayo.

Bati zilizotumika zina matundu ya misumari yake ya zamani, na kenchi zako, mbao za kubebea paa, hazitakaa pale zilipokaa za wenzako. Utatoboa upya na utavujiwa mara mbili. Zinafaa jiko la nje, banda la kuku, kufunikia saruji. Ukizichukua kwa kazi hizo uliza geji: namba ikizidi, bati limepungua, 32 ni nyembamba kuliko 28. Ukikuta mashiti mazito ya kijivu yenye mawimbi, kama saruji iliyokaushwa, usiguse wala usiruhusu yakatwe karibu yako hata ukipewa bure, huenda yakawa asbesto, na vumbi lake huingia mapafuni lisitoke, mwisho wake saratani.

Dirisha la jiko ulilokwendea mbona hukuniandikia lilikoishia? Hilo ndilo la kununua pale, pamoja na grili na masinki. Sinki ligonge kwa ufunguo: zima linalia, lenye ufa linakohoa. Mahoteli ya Paje na Nungwi yakibadilisha vyumba hutoa madirisha mazuri ya aina moja, manane kumi pamoja, na hayana mirathi. Yatazame bawaba tu, upepo wa bahari huzila.

Na nenda na tepu yako. Ya yule kijana iliyokatika mwanzoni, nakuomba uitazame vizuri imeanzia inchi ya ngapi, kwa sababu mlango huwa anaupima mbele ya watu, na mbao za kuuza kwa futi sijui anazipima vipi.

Babu Fundi